Lebo Tofauti Si Ushahidi wa Uhalifu: Namna ya Kuzisoma Diski za Michezo ya Mkononi

Ndugu wasomaji wetu wa Malaba, Amagoro, Busia na Tororo, katika toleo hili tumeona vyema kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo, lakini lina uwezo wa kumharibia mtu jina, mtaji na hata maisha. Jambo hilo ni lebo za diski ndogo za michezo ya video zinazotumiwa katika vifaa vya mkononi, ambazo bado huuzwa na kubadilishwa katika vibanda na masoko ya pande zote mbili za mpaka.

Mzozo wenyewe huanza hivi. Watu wawili wana diski za mchezo mmoja. Jina la mchezo ni lile lile na picha ya mbele inalingana, ila nambari ni tofauti, alama ya umri ni tofauti, na moja ina ukanda wenye neno ambalo nyingine haina. Mnunuzi anamwambia muuzaji kuwa amemuuzia bidhaa bandia. Au jirani anadai kuwa diski ile ni yake iliyoibwa mwezi uliopita, kwa kuwa nambari yake anaikumbuka. Sauti zinapanda, watu wanakusanyika, na mmoja anapaza neno "mwizi". Neno hilo likishatamkwa sokoni, ni vigumu kulirudisha kinywani. Mkusanyiko hauna subira ya kusoma lebo.

Tunachotaka kila msomaji akishike ni hiki: tofauti ya lebo, peke yake, haithibitishi kuwa diski ni bandia, na kufanana kwa lebo, peke yake, hakuthibitishi kuwa diski ni ya fulani. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima yeyote wa Teso anajua kuwa si kila wingu huleta mvua. Hebu tueleze sababu zake hatua kwa hatua.

Diski tunayoizungumzia

Diski hizi ni za kifaa kiitwacho PlayStation Portable, ambacho wengi tunakijua kwa herufi zake tatu, PSP. Kampuni ya Sony ilikitoa Japani tarehe 12 Desemba 2004, Marekani mwezi Machi 2005, na Ulaya mwezi Septemba 2005. Kwa ajili yake ilibuni diski ya pekee iitwayo UMD. Diski hii ina kipenyo cha milimita 60, yaani nusu ya kipenyo cha CD ya kawaida, nayo imefungiwa ndani ya ganda la plastiki ambalo mtumiaji hatakiwi kulifungua. Nyuma ya ganda kuna tundu ambalo miale ya leza hupitia ili kuisoma diski. Ile yenye tabaka mbili huweza kubeba takribani gigabaiti 1.8, kiasi kilichotosha mchezo mzima au filamu nzima.

Mwaka 2009 Sony ilitoa aina ya PSP isiyotumia diski kabisa, na kifaa kilichofuata baada ya hapo kilitumia kadi. Mwaka 2014 usambazaji wa PSP ulifikia kikomo katika masoko makubwa. Maana yake kwetu ni kwamba karibu kila diski ya UMD utakayoiona leo kibandani ni mtumba. Imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, mara nyingi kasha lake la kwanza limepotea, na risiti yake ya kwanza haipo. Kinachobaki ni lebo. Kwa sababu hiyo watu huitazama lebo kana kwamba ni hati ya kiwanja, wakidhani itawaambia kila kitu.

Kwa nini mchezo mmoja una lebo nyingi

Sababu ya kwanza ni soko. Mchezo mmoja hutolewa mara kadhaa kwa ajili ya maeneo mbalimbali ya dunia, na kila toleo hupewa nambari yake. Nambari hiyo huanza kwa herufi nne, nazo hukueleza soko lililokusudiwa. ULUS na UCUS ni za Marekani. ULES na UCES ni za Ulaya. ULJM, ULJS na UCJS ni za Japani. ULAS na UCAS ni za nchi nyingine za Asia. Herufi ya pili nayo ina maana: C huonyesha mchezo uliotolewa na Sony yenyewe, na L huonyesha mchezo wa kampuni nyingine iliyopewa leseni.

Tuchukue mfano wa mchezo unaojulikana sana, Grand Theft Auto: Liberty City Stories, uliotoka mwaka 2005. Toleo la Marekani lina nambari ULUS-10041. Toleo la Ulaya lina nambari ULES-00151. Zote mbili ni halali, na zote mbili zimetoka kwa mwenye haki. Anayeziweka pamoja juu ya meza na kusema kuwa lazima moja ni ya uongo, anakosea. Ni sawa na kuwaona ndugu wawili, mmoja ana kitambulisho cha Kenya na mwingine cha Uganda, kisha ukadai kuwa mmoja wao si mtoto wa nyumba ile.

Diski hizi hufika kwetu kwa njia nyingi. Mwanafamilia aliyeko Uingereza hurudi likizo na za Ulaya, aliyeko Marekani hutuma za Marekani, na mizigo ya vifaa vya mitumba husafiri katika barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Kampala. Si ajabu basi kwamba matoleo ya mabara matatu hukutana katika kibanda kimoja cha Malaba. Na kwa kuwa michezo ya PSP kwa jumla haikufungiwa eneo, diski ya Marekani hucheza katika kifaa cha Ulaya bila tatizo.

Sababu ya pili ni alama za umri. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa kila eneo lina chombo chake cha kupima mchezo unamfaa nani. Marekani hutumia alama za ESRB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1994: E ni kwa watu wote, T ni kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, na M ni kwa wenye miaka 17 na zaidi. Sehemu kubwa ya Ulaya hutumia alama za PEGI, zilizoanza mwaka 2003, ambazo ni tarakimu 3, 7, 12, 16 na 18. Ujerumani ina alama zake za USK, na sheria yake hutaka alama hiyo iwe juu ya kasha na juu ya diski yenyewe. Uingereza ilikuwa ikitumia pia alama za chombo chake cha filamu, BBFC, kwa baadhi ya michezo, hadi mwezi Julai 2012 ambapo PEGI ndiyo iliyopewa nguvu ya sheria. Japani hutumia CERO, yenye herufi A, B, C, D na Z.

Hata ndani ya chombo kimoja alama zilibadilika. PEGI ilianza kutumia rangi mwaka 2009: kijani kwa 3 na 7, rangi ya machungwa kwa 12 na 16, nyekundu kwa 18. Kabla ya hapo alama zake hazikuwa na rangi hizo. Japani nayo ilianza kutumia herufi mwaka 2006, na kabla ya hapo iliandika umri kwa tarakimu. Kwa hiyo diski mbili za mchezo mmoja, moja ya mwanzo na nyingine iliyochapishwa upya baadaye, zinaweza kuwa na alama zisizofanana ilhali zote ni za kweli.

Tunawaonya wafanyabiashara wetu juu ya kosa moja. Herufi A na B za Japani si daraja la ubora. Tumezoea katika mitumba ya nguo na viatu kusema hii ni daraja la kwanza na ile ni daraja la pili. Katika diski za Japani, A humaanisha mchezo wa watu wote, na B humaanisha wa miaka 12 na zaidi. Mwenye kuuza diski ya B kwa bei ya chini akidhani ni duni anajipunja mwenyewe, na mwenye kuiuza ya A kwa bei ya juu kwa madai ya ubora anampunja mteja.

Wazazi nao wafaidike na maelezo haya. Ule mchezo tuliouchukua kuwa mfano umewekwa M huko Marekani na 18 huko Ulaya, kwa sababu ya mauaji na lugha iliyomo. Tofauti ya alama isikufanye udhani kuwa toleo moja ni jepesi kuliko jingine. Ukiona M, 18 au Z, weka diski hiyo mbali na mtoto wa shule ya msingi, hata kama muuzaji anakuambia ni mchezo tu.

Sababu ya tatu ni matoleo ya bei nafuu. Mchezo uliouzwa vizuri ulichapishwa tena na kuuzwa kwa bei ya chini, ukiwa na ukanda au rangi mpya. Ulaya uliitwa Platinum na baadaye Essentials. Marekani uliitwa Greatest Hits. Japani uliitwa PSP the Best. Platinum katika lebo haimaanishi kuwa diski imetengenezwa kwa madini hayo. Ni jina la fungu la mauzo tu, na mchezo uliomo ndani ni ule ule.

Sababu ya nne ni diski zilizofungwa pamoja na kifaa kipya, au zilizotolewa kwa ajili ya maonyesho na majaribio. Hizi mara nyingine huwa na maandishi ya Kiingereza yasemayo Not for Resale, yaani zisiuzwe peke yake. Maandishi hayo yalielekezwa kwa duka lililokuwa likiuza kifaa kipya, ili lisichopoe diski kutoka kwenye kasha na kuiuza kando. Mtu akiikuta mtumbani miaka mingi baadaye, maandishi yale si ithibati kuwa imeibwa.

Sababu ya tano inahusu filamu. Baadhi ya diski za UMD zina filamu badala ya mchezo, na filamu, tofauti na michezo, zimefungiwa maeneo kwa mgawanyo ule ule wa DVD. Marekani ni eneo la 1. Ulaya Magharibi na Japani ni eneo la 2. Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ni eneo la 5. Filamu ya eneo la 1 ikikataa kucheza katika kifaa kilichotoka Ulaya, tatizo ni eneo. Kabla ya kumshika muuzaji kwa shati, tazama nambari ya eneo iliyochapishwa nyuma ya kasha.

Mambo ambayo lebo haiwezi kusema

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito zaidi kwa kazi ya polisi. Nambari kama ULES-00151 ni ya toleo. Kila nakala ya toleo hilo, na zilichapishwa nyingi mno, ina nambari hiyo hiyo. Haitofautishi diski ya kijana wa Malaba na ya kijana wa Tororo, wala na nyingine yoyote ya toleo hilo duniani. Kwa hiyo mtu akisema "hii ni yangu, nambari yake naijua", maneno yake hayatoshi kumtia mwenzake hatiani. Ni sawa na kusema kuwa kitabu cha hesabu cha darasa la saba ni chako kwa sababu unajua jina la mwandishi wake.

Kinachoweza kuitofautisha diski moja na nyingine ni alama za pekee: mkwaruzo mahali fulani, ufa katika ganda, jina lililoandikwa kwa kalamu isiyofutika, au herufi zilizochorwa kwa sindano. Kifaa chenyewe cha PSP, kinyume na diski, kina nambari yake ya pekee. Hiyo ndiyo ya kuandikwa katika daftari la nyumbani tangu siku ya kununua, kwa sababu ndiyo itakayokusaidia siku ya kupotelewa.

Vivyo hivyo, msitegemee tarakimu za mwanzo za mistari myeusi ya bei kuwaambia bidhaa imetengenezwa wapi. Tarakimu hizo huonyesha shirika la nchi gani lililotoa nambari kwa kampuni husika. Kenya, kwa mfano, ina 616. Bidhaa yenye tarakimu za Uingereza inaweza kuwa imetengenezwa China, na hakuna udanganyifu wowote hapo.

Udanganyifu wa kweli uko wapi

Isieleweke kuwa tunasema hakuna bidhaa bandia. Zipo, ila tuzitafute zilipo.

CD na DVD tupu huuzwa kila mahali, na mtu mwenye kompyuta anaweza kunakili filamu usiku na kuiuza asubuhi. Diski ya UMD haiko hivyo. Sony haikuuza diski tupu za UMD kwa umma, wala mashine ya kuziandikia. Kwa sababu hiyo mwizi wa kazi za watu hakupitia diski. Alipitia kadi ya kumbukumbu. Michezo hunakiliwa kuwa mafaili, hupakiwa katika kadi, na kifaa hubadilishwa programu yake ili kikubali kuisoma. Kibanda kinachotangaza kuwa kitakujazia michezo thelathini katika kadi moja kinastahili kutiliwa shaka kuliko kibanda chenye diski thelathini kuukuu zenye lebo za kila namna.

Kadi zenyewe nazo zilighushiwa kwa wingi. Kadi za Memory Stick PRO Duo bandia zenye jina la Sony ziliuzwa katika masoko mengi duniani. Baadhi huandikwa ujazo mkubwa kuliko zilionao, nazo hupoteza kumbukumbu. Mnunuzi na aijaribu kadi kwa kuijaza na kuisoma mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Katika diski, hila inayowezekana ni ya ganda. Maganda ya UMD hupasuka kwa urahisi, na maganda matupu ya kubadilisha yaliwahi kuuzwa kama vipuri. Fundi mwaminifu huitoa diski katika ganda lililovunjika na kuiweka katika jipya lisilo na lebo, ama akabandika lebo aliyoichapisha mwenyewe. Huo ni ukarabati, nao muuzaji anapaswa kuutaja. Lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kuweka diski ya mchezo usio na thamani ndani ya ganda la mchezo unaotafutwa. Kwa macho hutaweza kujua. Dawa yake ni moja: iingize katika kifaa. Jina linalojitokeza kwenye kioo likilingana na lebo, na mchezo ukaanza, umepata ulichokilipia. Muuzaji anayekataa diski ijaribiwe amekupa jibu kabla ya kuulizwa.

Sheria zinasemaje pande zote mbili

Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huihesabu michezo ya video miongoni mwa kazi za sauti na picha zinazolindwa, nayo husimamiwa na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Nchini Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 hulinda programu za kompyuta, na masuala yake hushughulikiwa na ofisi ya usajili, URSB. Kunakili mchezo na kuuuza bila idhini ya mwenye haki ni kosa upande huu na upande ule. Kuvuka daraja la Malaba hakukifanyi kilichokuwa haramu kuwa halali.

Kuhusu bidhaa bandia, Kenya ina sheria ya mwaka 2008 iliyoiunda mamlaka inayojulikana kwa herufi ACA. Anayepatikana na hatia kwa mara ya kwanza anaweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa hizo sokoni, au yote mawili. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo nchi zote mbili huifuata, huziweka bidhaa bandia miongoni mwa zile zisizoruhusiwa kuingizwa kabisa.

Tunawakumbusha pia wanaovuka na mizigo midogo. Katika kituo chetu cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa upande wa nchi anayoingia: aendaye Uganda hukaguliwa upande wa Uganda, na aendaye Kenya upande wa Kenya. Ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo katika orodha iliyokubaliwa. Diski za michezo zilizotengenezwa ng'ambo hazimo humo. Anayezivusha kwa biashara azitaje kwa maofisa wa forodha. Mwenye kifaa chake na diski chache za kujiburudisha asifiche kitu akiulizwa, kwa maana kuficha ndiko kunakozaa shaka.

Juu ya mali ya wizi, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 322, humwadhibu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa imeibwa, na kifungo chaweza kufika miaka 14. Uganda nako kupokea mali ya wizi ni kosa. Zingatieni maneno "sababu ya kuamini". Lebo ya Marekani si sababu ya kuamini. Lakini kijana anayekuuzia kifaa, chaja na diski kumi usiku wa manane kwa bei ya chakula cha mchana, huku akikataa kutaja jina lake, amekupa sababu ya kutosha. Usinunue.

Tufanye nini mzozo ukitokea

Kwa mnunuzi: ijaribu diski kabla ya kulipa, soma herufi nne za mwanzo za nambari, na omba karatasi ya mauziano hata kama ni kipande cha daftari. Iandikwe tarehe, majina ya wote wawili, nambari ya kitambulisho cha muuzaji, nambari ya diski, na alama yoyote ya pekee inayoonekana.

Kwa muuzaji: weka daftari la watu uliowanunulia bidhaa. Ukibadilisha ganda, mwambie mteja. Usiuze michezo iliyojazwa katika kadi. Daftari la mwaka mzima hugharimu kidogo kuliko siku moja ya kufunga kibanda.

Kwa anayedai kuibiwa: usimvamie mtu. Ripoti katika kituo kilicho karibu, eleza alama za pekee za mali yako, na hakikisha taarifa imeandikwa katika kitabu cha matukio na umepewa nambari yake. Ikiwa mali inadaiwa kuvuka mpaka, ripoti upande wako kwanza. Polisi wa pande mbili wana njia za kuwasiliana, nawe huna haja ya kuvuka ukiwa na kundi la marafiki.

Kwa anayetuhumiwa: tulia, onyesha daftari au karatasi yako, na usikimbie. Ukikamatwa, Katiba ya Kenya hutaka ufikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, na ile ya Uganda katika saa 48. Mali yako ikichukuliwa, taka iorodheshwe kipande kwa kipande, isome orodha, itie saini ikiwa sahihi, na ubaki na nakala. Dhamana ya polisi nchini Uganda haitozwi fedha. Nchini Kenya, dhamana ya fedha ikitolewa lazima iwe na risiti ya serikali. Ukiona umetendewa isivyo, upande wa Kenya yako mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, na upande wa Uganda kipo kitengo cha viwango vya kazi ya polisi, PSU.

Kwa maofisa wenzetu: lebo isiyofanana na nyingine haitoshi kuwa sababu ya kubeba bidhaa za mtu. Jaribu diski, uliza ilikotoka, tazama kama kuna mlalamikaji mwenye alama za pekee, na penye shaka ya uhalali wa kazi yenyewe, wasiliana na wataalamu wa KECOBO, ACA au URSB kabla ya kuamua.

Na kwa umma wote: kujichukulia sheria mkononi ni uhalifu. Anayempiga mshukiwa kwa jiwe anakuwa mshukiwa mwenyewe, na kosa lake ni kubwa kuliko la kuiba diski. Ukiona watu wanakusanyika, piga 999 au 112, nambari zinazotumika Kenya na Uganda, au mwite aliye karibu: chifu, mzee wa Nyumba Kumi, au mwenyekiti wa LC1.

Tunawaomba viongozi hao wayasome maelezo haya katika baraza zijazo, kwa Kiswahili na kwa Ateso, na walimu wayazungumze na vijana, maana wao ndio wenye vifaa hivi mikononi. Mwenye diski anayoitilia shaka na ailete katika dawati letu la uhusiano na jamii. Tutaisoma lebo pamoja naye, wala hatatozwa chochote.